Alama Ulizoongeza Kwenye Ramani ya Gari Zinapogoma: Dalili, Sababu na Marekebisho kwa Madereva wa Mtwara na Lindi

Ramani inayokuja na gari huijua Dar es Salaam vizuri, huijua barabara kuu kutoka Kibiti hadi Mingoyo kwa kiasi cha kuridhisha, lakini ukishaingia Tandahimba, Nanyumbu au Msimbati hubakiwa na mstari mmoja au miwili juu ya kioo kitupu. Ndiyo maana madereva wa magari ya korosho, ya miradi, ya hospitali na ya watalii hujiwekea alama zao wenyewe: ghala la chama cha msingi, kituo chenye dizeli ya uhakika, gati la kivuko, tuta lisilo na kibao, nyumba ya wageni yenye uwanja wa kuegesha lori. Malalamiko yanayofuata baada ya hapo yanafanana sana, na sehemu kubwa yake haitokani na gari bali na faili lililoandaliwa vibaya, yaani ile orodha ya majina na koodineti (namba za latitudo na longitudo) inayoingizwa garini kwa kadi au flashi.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua dashibodi au kumlipa mtu, tengeneza faili lenye alama moja tu, ya mahali unapopajua kwa macho na unapoweza kusimama ukapahakiki, kama vile lango la ofisi yako. Alama hiyo ikiingia na kukaa mahali pake, gari ni zima na kosa limo katika faili lako kubwa. Isipoingia, tafuta kosa katika kadi, katika aina ya faili au katika mfumo wenyewe.

Kazi yote ifanyike gari likiwa limeegeshwa. Mifumo mingi hukataa kuandikiwa gari linapotembea au breki ya mkono inapokuwa imeachiwa, na wapo mafundi wanaokwepa kizuizi hicho kwa kuuchomeka waya wa breki ya mkono moja kwa moja kwenye bodi ya gari. Usiwakubalie. Barabara zetu zina mbuzi, bodaboda na watoto wa shule, na dereva anayeandika jina la ghala huku gari linakwenda hawaoni wote hao.

Dalili: Hakuna mahali pa kuingizia alama, au ramani nzima ni ya Japani

Hili ndilo linaloletwa mara nyingi kuliko mengine yote, kwa sababu magari mengi tunayoendesha huku yameagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Japani kina ramani ya Japani peke yake, menyu zake ni za Kijapani na mara nyingi hazibadiliki, na alama hukubaliwa ndani ya eneo la ramani hiyo tu. Antena yaweza kupokea setelaiti vizuri kabisa na mshale wa gari ukaonekana, lakini utakuwa unaelea juu ya kioo kisicho na barabara hata moja. Hakuna faili litakaloutibu ugonjwa huu, wala usitarajie kwamba diski au kadi ya ramani ya Afrika iliyotengenezwa kwa magari ya soko jingine itasomwa na kifaa hicho. Ni ukoo mmoja na lile tatizo la redio za Kijapani za zamani ambazo masafa yake ya FM huishia 90 MHz, zikashindwa kudaka stesheni zetu zilizo juu ya hapo mpaka zifungiwe kifaa cha kubadili masafa.

Ushauri wangu ni kutopoteza fedha kwenye kifaa hicho. Tumia simu iliyofungwa vizuri kwenye kishikio, ikiwa na programu ya ramani inayofanya kazi bila intaneti kama OsmAnd au Organic Maps, au ufunge redio ya Android. Ukichagua redio ya Android, msimamie fundi wakati wa kuifunga na uulize antena ya GPS imekaa wapi. Kile kiboksi kidogo cheusi chenye waya mwembamba huwa kinaachwa kimeviringishwa nyuma ya redio, katikati ya vyuma, nacho kinatakiwa kiwe juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele, upande wake wenye sumaku ukiwa chini. Antena ikizikwa, kila alama utakayoiweka kwa kubonyeza kitufe cha "nilipo sasa" itakuwa na makosa, na utalilaumu faili bure.

Sababu ya pili, ambayo hutokea kwa nadra, ni kwamba mfumo una ramani ya Tanzania lakini haukujengewa uwezo wa kupokea alama nyingi kwa mkupuo. Hapo utahifadhi mahali pamoja baada ya pengine kwa mkono, kwenye orodha ya anwani au vipendwa. Sababu ya tatu ni menyu iliyofichwa: katika baadhi ya magari sehemu ya kuingiza alama binafsi haionekani mpaka kadi au flashi yenye faili sahihi iwe imechomekwa, hivyo usihukumu kwamba haipo kabla hujajaribu kwa faili la alama moja.

Dalili: Gari haioni kadi wala flashi

Anza na jinsi kadi ilivyofomatiwa, yaani mpangilio iliotayarishiwa wa kuhifadhi mafaili. Mifumo mingi ya gari, hasa ya miaka ya nyuma, husoma FAT32 na kukataa exFAT na NTFS. Kadi zenye ukubwa unaozidi GB 32 kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa exFAT, ndiyo maana kadi kubwa na ya bei hukataliwa huku ile ndogo ya zamani ikisomwa mara moja. Tafuta kadi ya GB 8 au 16, ifomati kwa FAT32 kwenye kompyuta, kisha ujaribu tena. Faili la alama elfu moja halifiki hata MB chache, kwa hiyo ukubwa wa kadi haukusaidii kitu.

Baada ya hapo angalia tundu. Magari mengi yana tundu moja la USB linalopeleka data na mengine ya kuchajia tu, na lile la data mara nyingi lina alama ya simu au ya muziki, au limefichwa ndani ya kisanduku cha katikati. Weka wimbo mmoja kwenye flashi hiyohiyo: ukisikika, tundu na flashi ni vizima, na kosa liko kwenye folda. Kwa kadi ya SD, kile kiswichi kidogo cha pembeni kikiwa upande wa kufunga, baadhi ya mifumo hugoma kuisoma. Mwisho kabisa kuna kadi bandia, zile zinazoandikwa GB 64 na ndani hazina hata robo yake. Hizi hupoteza faili baada ya siku mbili na humfanya mtu aamini kwamba gari lina mdudu.

Onyo hapa halina mjadala. Ukikuta tundu la SD tayari lina kadi, elewa kwamba huenda hiyo ndiyo kadi yenye ramani ya gari, na katika magari mengi kadi ya aina hiyo imefungamanishwa na gari lenyewe au ina leseni isiyonakilika kwa njia ya kawaida. Usiifomati, usiifutie nafasi, usiandike chochote ndani yake. Kompyuta ikikwambia kwamba kadi inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, bonyeza hapana na uirudishe ilipokuwa. Kama imeshafomatiwa, usiendelee kuandika juu yake; mpelekee mtu mwenye ujuzi wa kurejesha data, maana kila kinachoandikwa baadaye hupunguza kinachoweza kuokolewa.

Dalili: Kadi inasomwa, lakini mfumo unasema hakuna data sahihi

Kila ukoo wa vifaa una lugha yake ya mafaili, na kosa la kawaida ni kukipa kifaa faili la ukoo mwingine. Vifaa vinavyotumia mfumo wa Garmin husoma faili la GPI, linalotengenezwa na programu ya POI Loader kutokana na CSV (jedwali la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma) au GPX (faili la koodineti za GPS). Vya TomTom husoma OV2. Mifumo ya iGO, ambayo imejaa kwenye redio za Android, hupokea KML, aina nyingine ya faili la koodineti. Magari kadhaa ya Mercedes-Benz hutaka mafaili ya GPX yawe ndani ya folda yenye jina PersonalPOI, herufi kwa herufi, bila nafasi katikati. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, na kama kimepotea, kama ilivyo kawaida kwa gari la mtumba, toleo lake la PDF kwa mwaka na modeli husika hupatikana kwa kulitafuta.

Sababu inayofuata ni faili lililobaki ndani ya ZIP, yaani kifurushi kilichobanwa. Kifaa cha gari hakifungui ZIP. Lazima yaliyomo yatolewe na kuwekwa kwenye kadi kama yalivyo, tena folda ya juu kabisa isiwe imezaliwa mara mbili, yaani PersonalPOI ndani ya PersonalPOI. Inafuata CSV iliyohifadhiwa kwa umbo la Excel: jina linaonekana sawa machoni lakini mwisho wake ni XLSX, na hilo halisomeki. Iagize Windows isifiche miisho ya majina ya mafaili, utaliona kosa mara moja.

Kwa magari ya Volkswagen na Audi kuna mtego wa peke yake. Kifurushi chao cha alama huja na faili la maandishi liitwalo metainfo2.txt, ambalo ndani yake mna namba za uhakiki za mafaili mengine yote. Ukibadilisha hata herufi moja katika mojawapo, namba hazilingani tena na mfumo hukikataa kifurushi kizima. Dawa si kuihariri namba kwa kubahatisha. Rudi kwenye programu iliyokitengeneza, rekebisha alama huko na utoe kifurushi kipya.

Waliotumia kompyuta ya Mac wakague pia mafaili yaliyofichwa yanayoanza na nukta na mstari wa chini. Mac huyaacha kwenye flashi bila kuuliza, na baadhi ya mifumo ya gari huyasoma kama alama zilizoharibika kisha ikakataa yote.

Dalili: Alama zimeingia, lakini ziko pasipo pake

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu mahali alama ilipoangukia hukueleza kosa lenyewe karibu bila kubahatisha. Mtwara mjini ni latitudo 10°16′ kusini na longitudo 40°11′ mashariki, ambayo kwa desimali huandikwa −10.2667 na 40.1833. Kusini ya ikweta huwa na alama ya kutoa. Ukiisahau, ghala lako la Mtwara litaonekana kaskazini-mashariki mwa Ethiopia. Ukizigeuza namba mbili hizo, ya kwanza ikakaa pa pili, litakuwa ndani ya bahari ya Atlantiki, magharibi ya pwani ya Ureno. Ukifanya yote mawili kwa pamoja, litazama baharini mashariki ya kisiwa cha Sardinia, Italia. Na likiwa katika Ghuba ya Guinea, mahali ambapo ikweta inakutana na longitudo sifuri, basi mfumo haukusoma namba yoyote, umejaza sifuri mbili.

Kosa la kugeuza lina chanzo kinachoeleweka. Ukibonyeza na kushikilia mahali kwenye Google Maps, utapewa latitudo kwanza. CSV ya Garmin hutaka longitudo kwanza, na KML vilevile. Mtu anayenakili kutoka simu kwenda kwenye jedwali bila kuangalia atapeleka ghala zote Atlantiki kwa mpigo mmoja. Mstari sahihi wa CSV ya Garmin kwa Mtwara mjini unasomeka hivi:

40.1833,-10.2667,Mtwara mjini

Uangalie ule mstari mfupi ulio mbele ya 10. Uwe ule wa kutoa unaopatikana kwenye kibodi, kwa maana programu za kuandikia barua hupenda kuubadilisha kuwa kistari kirefu, na kistari kirefu si namba kwa kompyuta. Uangalie pia nukta: Excel iliyowekwa kwenye mpangilio wa nchi za bara la Ulaya huandika 40,1833 kwa koma, kisha koma hiyo ikahesabiwa kuwa mpaka wa safu, na mstari mmoja ukawa na safu tano badala ya tatu.

Alama zikiwa karibu na mahali pake lakini si penyewe, soma umbali. Zikiwa zimehama karibu kilomita 12 kuelekea kaskazini na 8 hivi kuelekea magharibi kwa Mtwara mjini, mtu ameandika 10°16′ kama 10.16 na 40°11′ kama 40.11. Dakika hugawanywa kwa 60 kabla ya kuongezwa kwenye digrii, hivyo 16 inakuwa 0.2667. Ni kosa baya kuliko la Ethiopia kwa sababu halichekeshi: alama inabaki mkoani, inaonekana ya kuaminika, na dereva wa lori anagundua akiwa shambani usiku.

Zikiwa zimehama kama mita 300 zote kwa pamoja na upande mmoja, koodineti zimetoka kwenye ramani ya karatasi ya zamani. Ramani hizo za Tanzania zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84, na tofauti yao kwetu ni kiasi hicho. Programu kama QGIS hubadilisha orodha nzima ukiieleza msingi wa mwanzo. Ukipewa na mpima ardhi namba ndefu zisizo na desimali za digrii, tarakimu sita upande mmoja na saba upande wa pili, hizo ni za UTM, mfumo unaopima mahali kwa mita badala ya digrii, ukanda wa 37 kusini, nazo hubadilishwa kwa njia hiyohiyo kabla ya kwenda kwenye gari.

Mtawanyiko usio na mpangilio, alama moja mita 30 huku na nyingine mita 80 kule, hutokana na uchukuaji wenyewe. Karani aliyesimama ndani ya ghala la mabati, au chini ya mwembe, au aliyebonyeza kabla simu haijatulia, amechukua koodineti mbovu. Atoke uwanjani, angoje kidogo, ndipo abonyeze. Gari lililotoka meli hivi karibuni liachwe mahali wazi kwa robo saa likiwa limewashwa, kwa sababu orodha kamili ya setelaiti hutangazwa katika mzunguko wa dakika 12 na nusu, na kifaa kilichosafiri kutoka Yokohama kikiwa kimezimwa kinaanza karibu upya. Kioo cha mbele kilichobandikwa tinti yenye chembe za chuma nacho huizuia antena iliyo chini yake.

Kwa kukagua orodha ndefu kuna njia ya haraka. Mkoa wa Lindi na wa Mtwara yote miwili imo kati ya latitudo −7.9 na −11.5, na longitudo 36.8 na 40.5. Panga safu ya latitudo kwenye jedwali kuanzia ndogo hadi kubwa, ukague mwanzo na mwisho, kisha ufanye hivyo kwa longitudo. Chochote kilicho nje ya mipaka hiyo ni kosa la kuandika. Tarakimu tano baada ya nukta zinatosha, kwa kuwa ya tano ni kama mita moja. Zikiwa tatu tu, alama inaweza kukosea kwa makumi ya mita, na hiyo kwa lango la ghala ni upande wa pili wa barabara.

Dalili: Majina yamekatika au yana herufi za ajabu

Ng'apa huonekana kama Ng na vijiherufi vitatu visivyosomeka. Simu huandika alama ya ng' ikiwa imepinda, na usimbaji wa herufi uliohifadhi faili usipolingana na ule ambao gari hulisomea (kwa kawaida UTF-8), alama hiyo huvunjika. Hifadhi upya kwa UTF-8, au badilisha zote ziwe alama iliyonyooka. Katika GPX na KML, alama ya & ikiandikwa hivihivi huvunja faili zima; andika "na". Majina marefu hukatwa na kioo, basi weka kinachotofautisha mwanzoni: "Nanyamba ghala 2" husomeka hata likikatwa, "Ghala kuu la chama cha ushirika cha msingi Nanyamba" halisomeki.

Dalili: Alama ziko kwenye orodha lakini hazionekani kwenye ramani

Mara nyingi kundi lake halijawashwa katika mipangilio ya ramani, liwashe. Pili, ramani imesogezwa mbali mno, kwa kuwa mifumo mingi huonyesha alama ukikaribia tu, kwa kipimo cha mita mia kadhaa au kilomita moja. Tatu, utafutaji umewekwa kwa "karibu nami", na wewe uko Lindi unatafuta alama ya Newala. Ni hayo tu, na hakuna haja ya fundi.

Dalili: Njia haichorwi, au gari linakupeleka ng'ambo ya maji

Mfumo hauijui safari yako, unaijua barabara iliyo karibu zaidi na alama. Hupima kwa mstari ulionyooka, hata kama mstari huo unapita juu ya bahari. Alama ya Kitunda, ng'ambo ya ghuba ya Lindi, inaweza kuunganishwa na barabara ya mjini Lindi, na mfumo ukakutangazia umefika huku unaangalia maji. Msangamkuu na upande wa Msemo, Mtwara, wako katika hali hiyohiyo. Marekebisho ni kuweka alama mbili: moja gatini, nyingine kule unakokwenda, na uende kwa hatua. Kisha angalia katika mipangilio ya njia kama vivuko vimezuiwa, kwani wengi huvizuia bila kujua.

Kwenye mto Ruvuma jambo hili si la kuchekea. Alama iliyo kando ya mto inaweza kuvutwa na barabara iliyoko Msumbiji, na mfumo ukachora njia ya kuvuka mpaka. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, Nanyumbu, lililofunguliwa mwaka 2010, ni kituo cha mpakani chenye taratibu zake za uhamiaji na forodha. Ukiona njia inaelekea huko na safari yako ni ya ndani ya nchi, isogeze alama kwenye barabara iliyo upande wetu, hata kama ni mbali kidogo na mahali penyewe, na umalizie kwa kuuliza. "Shikamoo mzee, ghala la korosho ni huku?" bado ni navigesheni bora kuliko zote katika kilomita tatu za mwisho.

Sababu ya nadra zaidi ni ramani kupitwa na barabara. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi imekuwa ikijengwa kwa lami kwa vipande, na penye mchepuko mshale wa gari huonekana ukitembea porini huku sauti ikikuamuru ugeuke. Mvua za wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilipoikata barabara kuu maeneo ya Somanga, hakuna ramani ya ndani ya gari iliyojua. Alama zako hazina kosa hapo. Zima maelekezo ya sauti, fuata vibao vya barabarani na uyarudishe ukishapita.

Dalili: Tahadhari hailii ukikaribia tuta au kijiji

Alama ya kawaida haina mlio mpaka ipewe. Kwa Garmin, mlio huwekwa wakati wa kutengeneza GPI, ama kwa umbali ama kwa mwendo, na mwendo huandikwa kwenye jina kwa mtindo wa Tuta@50. Hakikisha programu imechagua kilomita na si maili, kwa sababu maili 50 ni zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na kijijini ambako kibao kinasema 50 mlio utachelewa mno kuwa na faida. Pili, sauti ya tahadhari ina kidhibiti chake tofauti na cha muziki, na mara nyingi imeshushwa hadi sifuri. Iongeze wakati sauti inatoka, si kabla. Tatu, alama imewekwa mbali na mstari wa barabara, hivyo mfumo unaona kwamba huielekei.

Dalili: Alama zote zimepotea, au kifaa kinadai namba, au kinajizima na kuwaka

Zikipotea baada ya betri kubadilishwa, zilikuwa kwenye kumbukumbu isiyodumu. Ziingize tena kutoka kwenye faili, ambalo kwa sababu hii hii liwe na nakala kwenye simu na kompyuta. Zikipotea kila asubuhi, ule waya wa umeme wa kudumu wa redio haujaungwa au fyuzi yake imekatika. Fyuzi unaweza kuikagua mwenyewe na kuibadilisha kwa nyingine ya ampea zilezile, kamwe si kubwa zaidi. Ikikatika tena, acha hapo: kuna waya unaogusa bodi, na waya wa aina hiyo ndio unaochoma magari.

Kifaa kikidai namba ya kufungulia, kama baadhi ya vile vya Toyota vya soko la Japani vinavyofanya betri ikiondolewa, usibahatishe. Vifaa vingi huongeza muda wa kungoja au hujifunga kabisa baada ya majaribio kadhaa. Piga picha ya kioo chenye namba zote zinazoonekana na umpelekee fundi mwenye uzoefu wa vifaa hivyo.

Kinapojizima na kuwaka bila kukoma tangu ulipochomeka kadi, itoe kadi kwanza, zima gari, ngoja dakika chache, washa tena. Kikitulia, faili ndilo bovu. Kisipotulia, usijaribu kukiwekea programu mpya uliyopakua, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo kifaa hakitawaka tena. Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, au kioo kikawa cha moto kuliko kawaida, zima gari na uchomoe betri upande wa hasi. Kuchomoa dashibodi si kazi ya kujifunzia nyumbani, hasa kwa gari lenye mfuko wa hewa upande wa abiria au gari la haibridi, ambalo nyaya zake za rangi ya chungwa hazishikwi na mtu asiyefundishwa. Mtafute fundi umeme wa magari, na umweleze mambo manne: mwaka na modeli ya gari, aina ya kadi na jinsi ilivyofomatiwa, tatizo lilianza baada ya kufanya nini, na lile faili la alama moja lilileta matokeo gani.